Dada Mtu na Kundi la Pili

Hospitali nzima walimwita Sista Pole, ingawa wala hakuwa mpole kiasi hicho. Muulize muuguzi yeyote aliyewahi kuacha sindano iliyotumika juu ya kitanda, atakusimulia alivyosemwa mpaka akatamani ardhi ipasuke. Jina lilitokana na neno alilolipenda. Mgonjwa akilia, pole. Mwenzake akifiwa, pole. Bosi akija juu kwa jambo lisilo na kichwa wala miguu, pole pia, na hiyo ilikuwa na pilipili ndani yake. Ila pole yake haikutembea peke yake, ilikuwa na mwenzake. "Pole. Endelea." Kisha ananyamaza na kukutazama, na wewe uliyekuja kuomba plasta tu unajikuta unatoa ya moyoni, mpaka ya mwaka juzi.

Ndiyo maana watu wa chuo kikuu walipokuja na utafiti wao, jina lake lilikuwa la kwanza kutajwa. Wakati huo ile homa ya kuambukiza ilikuwa imeshaota mizizi, na hospitali ilikuwa hoi. Wodi ya wanaume iligeuzwa wodi ya kutengwa, ukumbi wa mikutano ukajaa vitanda, na watumishi walitembea kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Wengine waliugua. Wengine walizikwa, na wenzao hawakuruhusiwa hata kusogelea kaburi. Sista Pole mwenyewe magoti yalikuwa yamemkatalia. Kusimama zamu nzima ndani ya lile vazi la kinga, jasho likimtiririka mpaka ndani ya buti, hakuweza tena. Alipoambiwa kuna kazi ya kukaa kitini na kupiga simu, alimshukuru Mungu na hakuuliza swali la pili.

Profesa aliyeongoza utafiti huo alikuwa mwanamume mrefu, mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi na chupa ya chai isiyomtoka kwapani. Alitaka kupima jambo ambalo, kwa maneno yake, kila mtu analiamini na hakuna aliyelithibitisha: je, mtumishi wa afya akipigiwa simu kila wiki na mtumishi mwenzake, mtu anayeijua wodi na harufu yake, akaulizwa habari zake na kusikilizwa, atalihimili janga kuliko yule asiyepigiwa? Mshauri nasaha alikuwapo, ana ofisi na feni, lakini nani alitaka kuonekana amekaa kwenye lile benchi mlangoni kwake? Basi majina ya waliokubali yakaingizwa kwenye kompyuta, na kompyuta ikapiga kura. Kundi la kwanza watapigiwa. Kundi la pili hawatapigiwa hadi utafiti uishe, halafu nao watapata zamu yao.

Kwenye semina profesa aliwaonya wasikilizaji, maana ndivyo walivyoitwa hao wapiga simu. "Kundi la pili msiwaguse," alisema. "Mkiwaonjesha hata kidogo mazungumzo haya, makundi yataingiliana, na kazi yetu yote itakwenda na maji." Sista Pole alilishika neno hilo kama alivyozoea kushika maagizo ya dawa. Alikuwa muuguzi wa zamani, wa enzi za kofia na soksi nyeupe. Kwake yeye kilichosemwa kimesemwa, mijadala waachiwe wanasiasa.

Jioni ile ile mdogo wake akamwambia, huku anacheka, kwamba kura imemtupa kwa wasiopigiwa.

Hapa lazima nimweleze huyu mdogo mtu, maana kisa chote ni chake. Walizaliwa wawili tu, na katikati yao miaka mingi, kwa kuwa mimba nyingine za mama yao hazikukaa. Mama alipofariki, mdogo mtu alikuwa bado ana mapengo ya meno ya utoto. Dada mtu ndiye aliyemsuka, aliyemfulia sare, aliyekwenda kusimama mbele ya mwalimu mkuu mikono kiunoni siku mtoto alipoonewa. Ndoa ilipita mlangoni kwake, ikachungulia, ikakuta mtoto anafundishwa hesabu, ikaenda zake. Hakulalamika. Mtoto akakua, akaingia chuo cha uuguzi, na siku yake ya kwanza kazini alivaa viatu vya zamani vya dada yake, vimejazwa pamba mbele. Homa ilipoingia akapangiwa wodi ya kutengwa. Waliishi pamoja katika nyumba za watumishi nyuma ya hospitali, vyumba viwili na jiko, na bomba la maji uani.

Basi siku ile ya kura dada mtu alicheka pamoja naye. Ila kichwani alikuwa ameshaanza kujipangia mambo. Huyu ni kundi la pili, akajiambia, na mimi ni msikilizaji. Nikimsikiliza nimewaharibia watu utafiti. Akafunga mdomo. Jamani, mtu mzima mwenye akili zake timamu, aliyemlea yule mtoto kwa mikono yake, akachora mpaka katikati ya meza yao ya chakula.

Chumba cha simu kilikuwa stoo ya mashuka zamani. Hakikuwa na dirisha, na harufu ya dawa ya madoa ilikuwa imekolea ukutani. Alikuwa na meza, simu, glasi ya maji, na mto wa kuwekea goti lililozidi kuuma. Hakuanza kamwe kwa kuuliza hali, kwa sababu kila mtu ukimuuliza hali ni mzima, hata anayekata roho. Aliuliza, "Leo umekula saa ngapi?" Mtu akianza kubabaika kutafuta jibu, hapo mlango umeshafunguka. Kisha swali la pili, alilolitunga mwenyewe, na profesa alilipenda mpaka akawapa wasikilizaji wengine: "Jana umelala na nani kichwani?" Maana kila anayefanya kazi ile anajua, ukijilaza kuna mgonjwa anakufuata, anakaa ukingoni mwa kitanda, na huna la kumfanya.

Dereva wa gari la wagonjwa, ambaye wote walimwita Kamanda kwa jinsi alivyopenda kuamrisha watu wapishe njia, alipoulizwa hivyo mara ya kwanza aliangua kicheko akamwambia Sista ashukuru mke wake hayuko karibu. Halafu kicheko kikakatika chenyewe. Akaanza kueleza habari za bibi mmoja aliyemchukua kwake akiwa anaongea vizuri tu, akimwelekeza barabara yenye mashimo machache, na walipofika getini ukimya nyuma ukamwambia asihangaike kukimbiza gari. Sista Pole akasema pole. Akasema endelea. Kamanda akaendelea mpaka simu ikamchoma sikio.

Ikifika jioni, masikio yake yalikuwa yamejaa. Alirudi nyumbani taratibu kwa ile njia ya nyuma ya jengo la kufulia, amebeba wafu wa watu wengine, na hakuwa na pa kuwatua. Kama ni kuchoka, mwenzangu, yule mama alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha.

Mdogo mtu naye alikuwa anarudi. Alivua viatu nje, akaenda bombani, akajisugua mikono kwa sabuni ya kufulia mpaka ngozi ya vidole ikaanza kupasuka. Zamani alikuwa mtu wa makelele. Aliimba bafuni, aliigiza sauti za madaktari, alimwita dada yake "mkoloni" kwa ukali wake. Siku hizi aliingia kimya, akasimama mlangoni mwa jiko, akaegemea, akamtazama dada yake anavyokoroga sufuria. Wakati mwingine alianza. "Dada, leo kule ndani..." Na dada mtu, bila kugeuka, akajibu: "Pole. Chakula kipo, usiache kipoe." Akajifuta mikono, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Pole bila endelea. Msidhani hakuwa na moyo, ilimuuma sana. Alikaa kitandani akijisifu kwa uaminifu wake. Alijiambia utafiti utaisha, na ukiisha atamkalisha mtoto wake chini, atamsikiliza mpaka asubuhi kama ikibidi. Ilibidi wavumilie kidogo tu, wote wawili.

Lakini mdogo mtu akaacha kuanza. Kisha akaacha kusimama mlangoni. Chakula chake kikawa kinabaki mezani kimefunikwa na sahani, vilevile kilivyoachwa, na uso wake ukazidi kuwa mdogo. Akisalimiwa anaitikia, akiulizwa chumvi iko wapi anaonyesha kwa kidole. Dada mtu aliyaona yote hayo, maana muuguzi ni muuguzi hata akiwa nyumbani. Angekuwa mtu wa kundi la kwanza, angeshampigia zamani.

Siku moja, Kamanda alipomaliza kujibu maswali yake kwenye simu, aliomba na yeye aulize. Akataka kujua yule mdogo wake ana nini. Sista Pole akamuuliza kwa nini. Kamanda akasema kwamba mchana, wenzake wakienda kula, yule binti huja maegeshoni, huingia nyuma ya gari la wagonjwa na kujifungia. Mwanzoni alidhani anajiibia usingizi. Alipochungulia akamkuta amekaa kwenye kile kiti cha ndugu wa mgonjwa, kiti ambacho tangu homa ianze hakuna ndugu aliyeruhusiwa kukikalia, anaitazama machela tupu. Hakumsumbua. Siku hizi huliegesha gari kivulini ili asipikike humo ndani.

"Msikilizaji wake nani?" akauliza.

"Hana. Yuko kundi la pili."

"Kundi la pili la nani, Sista? Si mnalala nyumba moja?"

Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi ile, pole haikumtoka Sista Pole. Aliiweka simu chini, akauondoa mto chini ya goti, akainuka kwenda kumtafuta profesa. Na mnajua alikwenda kufanya nini? Alikwenda kuomba ruhusa.

Alimkuta kwenye ofisi aliyoazimwa, amezungukwa na maboksi ya barakoa, anajimiminia chai iliyokwisha kupoa. Akasimama mbele yake kama mwanafunzi, akaomba apewe ruhusa ya kuongea na mtu wa kundi la pili, hata nusu saa. Profesa akamuuliza ni mtu gani. Akasema ni mdogo wake, wanakaa pamoja, na hali yake si nzuri.

Profesa akaweka kikombe chini. "Nani alikukataza kuongea na mdogo wako?"

Hakusema kwa dharau, na hilo ndilo lililomchoma zaidi. Akamweleza kwa sauti ya mtu aliyechoka pia kwamba onyo lile lilihusu simu za utafiti, zile za kila wiki, na si watu kujuliana hali nyumbani kwao. Hakuna kamati ya maadili duniani ingepitisha utafiti wa kuwazuia ndugu wasiulizane. Mke wake mwenyewe alifanya kazi maabara pale pale hospitalini, na kura ilimwangushia kundi la pili. "Sasa ningefika nyumbani nikakaa naye kama tuko kituo cha polisi?" akauliza. "Tunaongea, Sista. Tunagombana. Juzi tumelia wote wawili." Akaanza kujilaumu kwamba pengine hakufafanua vizuri kwenye semina, angepaswa kulisema wazi. Lakini Sista Pole alikuwa ameshageuka, anashika ukuta wa korido kwa mkono mmoja, na magoti leo hakuyasikia.

Jua lilikuwa bado juu alipofika nyumbani. Mlango wa chumba cha mdogo mtu ulikuwa wazi. Begi liko kitandani, nguo zimekunjwa, na viatu vile vya zamani vimefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Mdogo mtu akamweleza bila kupandisha sauti kwamba ameomba uhamisho na amekubaliwa. Ni zahanati ndogo, mbali, kazi ya chanjo na kliniki ya wajawazito. Gari la kupeleka dawa litaondoka asubuhi na dereva amekubali kumchukua. Alikuwa anataka kumwambia, akaona hapati nafasi.

Dada mtu akasimama pale mlangoni, mahali pale pale mwenzake alipozoea kusimama kwenye mlango wa jiko. Akafungua mdomo, likatoka lile swali alilolizoea.

"Leo umekula saa ngapi?"

Mdogo mtu akaacha kukunja nguo. "Hilo ni swali la kundi la kwanza, dada."

Alikuwa anayajua yote. Wenzake wakivua mavazi ya kinga walikuwa wanasimuliana, msikilizaji kaniuliza hivi, Sista Pole kaniambia endelea, nimelia mpaka nimelala vizuri. Akasema yeye aliwasikiliza kama mtu anayesikia muziki wa harusi ya jirani ambako hakualikwa. Na aliyekuwa anawaliza watu wakalala vizuri ni dada yake wa kuzaliwa, aliyekuwa chumba cha pili.

Hapo dada mtu akamwaga yote. Onyo la profesa, mpaka aliojichorea mwenyewe, Kamanda na gari lake, na sasa hivi ametoka kuambiwa kwamba hapakuwa na katazo lolote. Alikosea, akasema, alielewa vibaya, alikuwa anafuata sheria. Mdogo mtu alimwacha amalize. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Si sheria, dada," akasema. "Ulikuwa umechoka. Sheria ilikupa pa kujificha tu. Ungeniambia umechoka, ningepika mimi, tukanyamaza pamoja."

Dada mtu alitaka kukana. Alikuwa na kila sababu ya kukana, na sauti ya kukana alikuwa nayo. Ila akaikumbuka jioni ile ya kura, alivyocheka na mdogo wake, na chini ya kicheko kile kulikuwa na nafuu aliyoihisi kabisa kifuani: basi huyu mmoja sitambeba. Alikuwa ameizika nafuu hiyo chini ya utafiti, na sasa mtoto aliyemlea mwenyewe alikuwa ameifukua.

"Nimechoka," akasema. "Nilichoka mpaka nikakuogopa na wewe."

Wakakaa kitandani, begi katikati yao. Mdogo mtu akamshika mkono kwa vidole vyake vilivyopasuka, na hakuna aliyesema zaidi. Asubuhi gari la dawa lilimchukua. Dada mtu hakumwomba abaki, kwa uso upi? Alimfungia mkate kwenye karatasi, akasimama getini mpaka vumbi likatulia, kisha akaenda kazini kuwauliza watu wengine wamekula saa ngapi.

Homa ilikuja kupungua, na utafiti ukaisha. Wakakusanywa kwenye ukumbi wa mikutano, vitanda vimeondolewa lakini alama za magurudumu bado ziko sakafuni, na profesa akawaonyesha mchoro ukutani wa nguzo mbili, moja kwa kila kundi. Nguzo ya kundi la kwanza ilikuwa juu zaidi. Si muujiza, akasema, ila tofauti ipo na inaonekana: waliopigiwa walilala vizuri zaidi na wengi wao walibaki kazini. Katika kundi la pili kulikuwa na waliojiondoa wodi ya kutengwa kabla ya muda. Watu wakapiga makofi. Sista Pole naye akapiga, macho hayabanduki kwenye ile nguzo fupi. Humo ndani kulikuwa na mtu mmoja aliyemjua mpaka kiasi cha sukari anachotia kwenye chai. Na hakuna kompyuta ingeweza kumwambia kama mtu huyo alianguka kwa kukosa simu ya utafiti au kwa kukosa dada.

Ahadi ni ahadi, na kundi la pili likaanza kupigiwa. Majina yakagawanywa, na katika yake Sista Pole akakuta jina la mdogo wake, maana aliyegawa hakujua. Akalirudisha. "Huyu mpeni msikilizaji mwingine," akasema. "Mimi ni dada yake."

Jumapili alasiri alijitengenezea chai, akakaa jikoni, akachukua simu yake mwenyewe. Tangu mdogo mtu aondoke walikuwa wanasalimiana tu, umefika, nimefika, mvua ipo, mvua haipo. Safari hii hakuuliza kula wala kulala. Alimweleza kwamba bomba la uani limeanza kuvuja, na kwamba Kamanda amekuja kumsalimia akamaliza sukari yote. Mdogo mtu akacheka kidogo. Akasema kule mbuzi wa jirani wameingia kliniki wakala kadi za chanjo, na mganga mkuu amewafukuza kwa koti lake jeupe. Wakacheka wote. Kisha kicheko kikaisha, na hakuna aliyekata simu.

"Dada," mdogo mtu akasema, "jana umelala na nani kichwani?"

Dada mtu alikuwa amewauliza watu wengi swali hilo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumrudishia. Alitaka kusema hakuna. Alitaka kusema chakula kipo motoni, wacha akiepue.

"Na mzee mmoja," akasema. "Wa mwanzoni kabisa, kabla hatujaletewa mavazi. Aliniita kwa jina la binti yake, na mimi nikaitika. Nikaitika mpaka mwisho." Hakuwahi kumwambia mtu.

Kwenye simu akasikia mdogo wake anavuta kiti, anakaa.

"Pole, dada," akasema. "Endelea."

Akaendelea, na chai ikapoa pale mezani.